Injini ya Mwezi Ujao

Kama kuna mtu aliyezaliwa na mdomo wa kuuza, basi ni Filimbi. Huyu angekuuzia kivuli chako mwenyewe, na ukaondoka umemshukuru. Jina hilo walimpa madereva wa malori siku lilipofunguliwa lile eneo jipya la viwanda, lile lenye reli yake yenyewe inayopita nyuma ya maghala. Siku hiyo alipanda jukwaani na filimbi aliyoazima kwa mkuu wa kituo, akaipuliza mpaka wageni wakaziba masikio, kisha akatangaza, "Mmesikia? Malori ndiyo yanaagwa hivyo!" Watu wakapiga makofi. Kazi yake pale ilikuwa kuwashawishi wenye viwanda wahamie mle ndani, waachane na malori, mizigo yao ipakiwe kwenye mabehewa hatua chache kutoka mlangoni. Na kazi aliipenda, tusimsingizie.

Mtu mwenye akili zake angeishia kwenye filimbi akashuka. Yeye akanogewa. "Malori!" akasema. "Mimi namjua dereva mmoja, alibeba madumu ya mafuta ya kula, lori zima. Akasinzia. Kuja kushtuka, lori limelala mtaroni, naye amelala juu yake! Asubuhi wanakijiji wanachota mafuta na ndoo, dereva amekaa kando ya barabara analia kama mtoto aliyepokonywa andazi. Sasa wewe mwenye kiwanda, huyo ndiye wa kumpa mzigo wako?" Weee! Watu walivunjika mbavu. Kuna mzee mmoja alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Dereva mwenyewe alikuwa amekaa safu ya pili. Alikuwa kaka yake Filimbi, wa baba mmoja mama mmoja, shati limenyooshwa kwa pasi, amekuja kumwona mdogo wake akihutubia wakubwa. Baba yao alipofariki, kaka huyu ndiye aliyeshika usukani, wa lori na wa nyumba, na mdogo akasoma kwa jasho lake. Habari ya yale mafuta aliwahi kuisimulia mara moja tu, sebuleni, kwa sauti ya chini, siku alipolazimika kumweleza mdogo wake kwa nini muhula ule asingerudi shule. Alimwambia na machozi yakamtoka. Na sasa mambo hayo yako hewani, kwenye kipaza sauti, yamegeuzwa kichekesho.

Filimbi aliona uso wa kaka yake katikati ya hadithi. Aliuona vizuri kabisa. Hapo ndipo mtu anapaswa kumeza mate na kubadili maneno, lakini kicheko cha watu ni kitamu jamani, akaendelea mpaka kwenye ndoo na andazi. Kaka naye akacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko wenzake wote, akampiga begani jirani yake, mzee mwenye kinu cha unga, ambaye ndiye mteja wake wa kudumu. Ukitoa kinu kile, lori la kaka lingekuwa pambo la uani. Sherehe ilipokwisha akaja kumpa mdogo wake mkono. "Umeongea vizuri," akasema. Bora angemzaba kofi.

Shughuli ikaanza. Mpangaji wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye kiwanda cha sabuni, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkunjufu, kila mtu akimwita Mama Sabuni. Filimbi alikuwa amemwahidi kwamba kila Jumanne treni itaondoka na katoni zake kwenda kwenye ghala la mwisho wa reli, huko waliko wateja wake wa jumla. Kila Jumanne, mama, hata mvua inyeshe mawe. Jumanne ya kwanza katoni zikapakiwa kwenye mabehewa, mabehewa yakafungwa, picha zikapigwa. Kilichokosekana ni injini.

Filimbi akawapigia watu wa reli. Wakamjibu bila hasira, kama mtu anavyomweleza mgeni njia ya chooni: jaza mabehewa ya treni nzima, tutakuletea injini. Kwa mabehewa mawili matatu hatuwezi kuwasha moto. Na hilo, msomaji wangu, hakulisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelijua tangu mwanzo. Alijiaminisha tu kwamba wenye viwanda wataingia mbio, mabehewa yatajaa, na hakuna atakayejua. Ila wenye viwanda nao si watoto. Kila aliyemfuata alimwambia, "Treni ikianza kutembea, nitahamia." Watu wa reli wanangoja mizigo, wenye mizigo wanangoja treni, na katikati amesimama Filimbi akifuta jasho kwa tai yake. Wakati huo lori unalipigia simu saa yoyote, linakuja mpaka mlangoni, na linaondoka hata likiwa na mzigo wa mtu mmoja.

Siku zikapita, sabuni imekaa palepale. Wateja wa Mama Sabuni wakaanza kumpigia, naye akaanza kumpigia Filimbi, na sauti yake ule uchangamfu ukawa unapungua. Maji yalimfika Filimbi shingoni. Angeondoka huyu, mpangaji wa pekee, unga wake Filimbi ungemwagika na eneo zima lingegeuka malisho ya mbuzi. Alipitisha akilini kila mwenye lori aliyemjua, akimtafuta mwenye kifua cha kutunza siri. Alimpata mmoja tu.

Shemeji yake, mke wa kaka, ndiye aliyemfungulia mlango. "Eh! Leo umekumbuka njia," akasema, akapisha. Tangu sherehe ile Filimbi alikuwa hajakanyaga hapo. Ukumbini palikuwa na betri ya lori iliyounganishwa kwenye chaji, ikabidi airuke. Kaka alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Filimbi akaamkia, akajikuna kichwa, akaulizia watoto, akaulizia hata kuku.

"Sema, mdogo wangu," kaka akamkatiza. "Kuku hawajambo."

Akasema. Kwamba injini imechelewa kidogo. Kwamba kuna katoni za sabuni, zinatakiwa zifike, na kwamba nyuma ya ghala kuna mlango ambao wapangaji hawaruhusiwi kuufikia, kwa ajili ya usalama. Mama mwenyewe asijue. "Ni mara hii tu, kaka. Mwezi ujao injini inaanza. Nimeahidiwa."

Hakuna aliyekuwa amemwahidi kitu. Neno lilitoka lenyewe, laini, kama maneno yanavyowatoka watu waliozoea kuuza. Shemeji aliyekuwa akikunja nguo alisimamisha mikono, akamtazama shemeji yake kwa jicho ambalo Filimbi hakutaka kukutana nalo. Kaka yeye alikuwa ameshaanza kukausha miguu.

"Mwezi ujao ni karibu," akasema. "Nikaangalie matairi."

Hakutaja sherehe. Hakutaja mafuta wala andazi. Alivaa viatu vyake akatoka, na Filimbi akabaki sebuleni na shemeji, wote wawili wakiliangalia lile beseni.

Basi ndivyo treni ya sabuni ilivyoanza kutembea. Kila Jumanne foklifti ilisukuma katoni mpaka kwenye ghala la nyuma, mlango ukafungwa, na upande wa pili kaka akazipakia kwenye lori lake, akafunika turubai, akaondoka. Alipanga katoni kama mtu anayelaza watoto. Hazikufika na kona iliyobonyea hata moja. Mwezi ukaisha, Filimbi akasema, "Mwezi ujao." Ukaisha na huo, akasema tena. Kaka akawa anaitikia, "Sawa, wakubwa wana mambo mengi," bila kuuliza zaidi. Mama Sabuni furaha yake ikarudi maradufu. Akawa anamsifia Filimbi mbele ya mkurugenzi, na Filimbi akapewa kiti kipya cha kuzunguka. Alikikalia kwa ncha ya makalio, kama kina miiba.

Ungedhani aibu ingemtosha hapo. Thubutu! Ikaja siku mkurugenzi alipomwambia kwamba yule mzee wa kinu cha unga anataka kuja kutazama. Unga wake ulikuwa mwingi, peke yake angeweza kukamilisha treni. Akihama yeye, injini inakuja kweli. Filimbi aliruka kwa furaha, halafu akakaa taratibu. Unga huohuo ndio uliolilisha lori la kaka yake.

Mzee alikuja siku ya Jumanne, nani alimpangia sijui. Alitembea polepole, mikono nyuma, akipapasa kuta za maghala kama anayenunua ng'ombe. Mama Sabuni akawadaka kwenye korido na hakuna aliyemtuma. "Baba, hamia tu!" akasema. "Mimi malori yalinitesa. Katoni zimelowa, dereva simu haishiki, leo gari bovu, kesho dereva mgonjwa. Tangu nianze kupeleka kwa treni, sijui katoni iliyochanika inafananaje. Hawa watu wa treni wana mikono ya adabu, nakuambia!"

Nyuma ya ukuta lori likakohoa. Lile lori likiwashwa lilikuwa na kikohozi chake, Filimbi angelijua hata usingizini, lilimpeleka shule. Akaanza kuongea kwa sauti kubwa, habari za paa, za mabomba ya maji, za taa, ili kikohozi kimezwe. Mzee akangoja amalize. Kisha akamwuliza, taratibu tu, "Hayo ya treni anayosema mama, ni kweli?"

"Ni kweli kabisa, mzee wangu," Filimbi akajibu.

Mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuja kutafuta, akaaga. Filimbi aliingia chooni akajifungia. Aliona uso wake kwenye kioo akageuka upande mwingine. Ile mikono ya adabu inayosifiwa ndiyo ingenyimwa kazi kwa sifa hizohizo, na yeye ndiye aliyegonga muhuri kwa mdomo wake. Alijikaza kisabuni, akanawa, akatoka, akapokea pongezi za mkurugenzi.

Zikapita siku chache, mlinzi akampigia kutoka getini kwamba kuna mwanamke anamtaka. Alikuwa shemeji. Hajawahi kufika pale. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, akikitazama kile kiti cha kuzunguka.

"Sikawii," akasema. "Mzee wa kinu anahamia kwenu. Kaka yako ameshaanza kutafuta mtu wa kununua lori. Nimekuja kuuliza kama kuna nafasi hapa. Ya ulinzi, ya kufagia, yoyote. Yeye hawezi kuja. Anasema ukijua utakosa raha, na sasa hivi mambo yako ndiyo yanakaa vizuri."

"Shemeji..."

"Na usimwambie nimekuja." Akasimama, akajinyoosha gauni. "Yeye hakununi, unajua? Mimi ndiye ninayenuna. Nakununia hata kwa niaba yake, maana mwenyewe hajui kununa."

Akaondoka. Filimbi hakumsindikiza hata mpaka mlangoni. Alikaa na ile aibu, kubwa, isiyo na pa kuiweka. Siku ya saini ilikuwa kesho yake. Aliona wazi kwamba akinyamaza, mabehewa yatajaa, injini itakuja, uongo wake wote utageuka ukweli na hakuna atakayedai. Kaka peke yake ndiye angebaki nje ya hesabu. Mchana huohuo akapiga moyo konde, akachukua pikipiki kwenda kwenye kinu.

Ofisi ya mzee ilikuwa chumba kidogo kando ya mashine, kila kitu kina vumbi jeupe, meza, kalenda, hata nyusi za mzee mwenyewe. Filimbi hakukaa. "Mzee, nimekuja kukuambia kitu kabla hujatia saini," akasema, na ikabidi arudie kwa sauti kwa sababu ya mashine. "Treni ya sabuni haipo. Nilikudanganya. Sabuni ile inabebwa na lori, na lori lenyewe ni la kaka yangu, huyuhuyu dereva wako."

Akangoja apigiwe kelele. Alikuwa amejiandaa, hata alitamani.

"Najua," mzee akasema.

"Unajua?"

"Alikuja kuniomba ruhusa siku ya kwanza. Siku za kazi lile lori ni la mizigo yangu, angewezaje kubeba ya mtu mwingine bila kuniambia? Akanisihi nifunge mdomo, nikafunga. Siku ile nilipokuuliza kule kwenu, nilitaka tu kusikia utajibuje."

Masikio ya Filimbi yaliwaka moto. Alitafuta mahali pa kutazama, kila mahali pakawa peupe.

"Kaa," mzee akamwambia, naye akakaa. "Wewe sikukuamini, na yule mama anasifia asichokijua. Kwa hiyo nilimwuliza dereva wangu. Nikamwambia, nihamie au nisihamie? Akasema hamia. Nikamwambia wewe bwana una wazimu, utakula nini? Akasema barabara imemchosha mgongo, mzigo mzito ni wa reli, na kwamba mwezi ujao injini inaanza, mdogo wake amemwambia. Nikamwambia mdogo wako ni mwongo. Akakasirika! Miaka yote hiyo sijawahi kumwona amekasirika. Akasema, kwa watu wengine huenda anatia chumvi, ni kazi yake, lakini mimi hawezi kunidanganya. Ndiyo maana kesho nilikuwa natia saini. Kwa neno lake yeye." Akajifuta vumbi usoni. "Sasa nijibu. Hiyo injini ya mwezi ujao, nani ameiahidi?"

Filimbi alikuja kutua uongo mmoja, ule wa treni ya sabuni, na kumbe huo ndio uliokuwa mdogo. Huu mwingine hata hakuwa ameuhesabu. Alijua vizuri angemjibuje mtu mwingine yeyote.

"Hakuna," akasema. "Wanataka mabehewa yajae kwanza."

"Na yangejazwa na nini?"

"Na unga wako."

Mzee akacheka kidogo, kicheko kikavu kisicho na ubaya. "Basi siji. Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, pengine tungetafutana na wenzangu watatu wanne tukaijaza hiyo treni pamoja. Mimi si adui wa reli. Na yule mama wa sabuni, utakwenda kumweleza mwenyewe, si kazi yangu. Ila kwanza toka hapo nje. Anapakia."

Uani malori yalikuwa yamepanga foleni, wapakiaji wanapita na magunia mabegani, na madereva wamekaa kwenye kivuli cha lori la mbele wakicheza bao kwa vifuniko vya soda. Kaka alikuwa juu ya shehena, anakaza kamba ya turubai. Alipomwona Filimbi uso ukamchanua.

"Jamani!" akawaita wenzake. "Huyu ndiye mdogo wangu niliyewaambia!"

Madereva wakaacha mchezo wao. Walewale waliompa jina la Filimbi, lakini hakuna aliyelitumia. Walikuja mmoja mmoja kumpa mkono, wakijifuta kwanza viganja kwenye suruali. Mmoja mtu mzima, mwenye mguu unaochechemea, akamshika mkono hakuuachia. "Kaka yako katueleza habari ya injini. Tulikuwa tunakusema vibaya, yaishe hayo. Mimi mguu huu hauwezi tena pedali. Hiyo injini ikianza, nifikirie hata kwa kuhesabu magunia."

Kaka akashuka, ametabasamu, kamba bado mkononi. "Vipi, imekuja?"

Filimbi, mwenye mdomo wa kuuza kivuli, alitafuta neno la kuanzia hakuliona. "Haiji, kaka."

"Mwezi ujao, basi."

"Hakuna mwezi ujao. Hakuna mtu aliyeniahidi. Nilikudanganya, siku ileile ya kwanza, kwako sebuleni. Na kila mwezi tangu hapo."

Yule mwenye mguu mbovu akauachia mkono wake. Wengine wakaanza kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Kaka alisimama, na tabasamu halikuondoka mara moja, lilichelewa kidogo, kisha likaondoka.

"Si ungeniambia tu," akasema polepole. "Mzigo ningeubeba vilevile."

Filimbi alitaka kupiga magoti palepale kwenye vumbi la unga. Alitaka atukanwe, apigwe, afukuzwe. Lakini kaka hakuwa anamtazama yeye tena. Alikuwa amewageukia madereva wenzake, amevua kofia.

"Ndugu zangu," akawaambia, "lile neno la injini niliwaambia mimi, na halikuwa la kweli. Nisameheni sana."

Wakamjibu kwamba haina neno, kila mmoja kwa zamu yake, naye akaitikia kila mmoja, mdogo wake amesimama kando anasikia.